Nakala ya Saa Tano

SAA 2:15 ASUBUHI

"Kifuniko kikishuka, tumekwisha," Binsar alisema. "Laptopu ije ikiwa wazi. Ikifungwa itadai neno la siri, na neno la siri silijui."

Walikuwa wanne, chumba cha nyuma cha kilabu cha tuak, pembeni mwa Medan. Kulinuka tembo lililochacha. Togar, mkubwa wao, ambaye hata waliomzidi umri walimwita Abang, yaani kaka mkubwa. Saut, mwendesha pikipiki, mtu wa ngumi nyingi na maneno machache. Parlin, aliyesomea ukarani akaishia kuvunja maduka. Na Binsar, fundi wa kompyuta, mume wa dada yake Parlin. Mgeni. Parlin ndiye aliyemleta.

Kazi ilikuwa laptopu ya Ibu Nurmala, wakili wa wakulima. Ndani yake mlikuwa na ramani za ardhi iliyomezwa na tajiri mmoja wa michikichi. Karatasi zenyewe ziliungua pamoja na ofisi mwezi uliopita. Saut aliujua moto ule vizuri, aliuwasha yeye. Kesi ilikuwa saa saba mchana huohuo.

"Nasikia ana nakala mahali," Togar alisema.

"Kwenye seva, Jakarta. Kila saa ikigonga, skripti, programu ndogo tu, inaamka yenyewe, inachukua mafaili ya laptopu na kuyapeleka kule. Niliiandika mimi."

"Sasa tuibe laptopu ya nini, fala wewe?"

"Sikiliza, Abang. Skripti ni kasuku. Kilichopo huku kinakuwepo kule. Kilichofutwa huku kinafutwa kule. Tunaifuta folda, tunangoja saa tano. Seva inajisafisha yenyewe."

Togar alicheka mpaka akakohoa. "Unamchinja mama wa watu kwa kisu ulichomnolea wewe!"

Binsar hakucheka. Alitaka duka lake mwenyewe. Miaka kumi alikuwa akitengeneza mashine kwenye kibaraza cha mtu.

SAA 3:40

Ibu Nurmala alikuwa amekaa mgahawani, meza ya nje, laptopu mbele yake. Binsar aliketi upande wa pili. Alimwambia anataka kuikagua kabla ya kesi, na mama akamwagizia mkate wa sarikaya, jamu ya nazi na mayai, bila kumuuliza.

Pikipiki ilipanda kibarazani. Saut na Parlin, helmeti zimeshushwa mpaka kidevuni.

Parlin aliishika laptopu. Mama akaikamata kwa mikono miwili. Alikuwa na miaka hamsini na tisa na hakuachia. Parlin alivuta, mama akavutwa nayo, kiti kikaanguka. Saut akanyoosha mkono kwenye meza ya jirani, akachukua birika, akammiminia kahawa ya moto kwenye vidole. Polepole, kama mtu anayemwagilia ua.

Vidole vikaachia.

Parlin alichomeka kiberiti kati ya kifuniko na kibodi, wakaondoka. Nyuma yao walisikia sauti ya mama. Hakuwa akiita polisi.

"Binsar! Kimbia, mwanangu! Watakuumiza!"

Binsar alikimbia.

SAA 5:00

Folda ilikuwa tupu tangu saa nne na nusu. Wote wanne waliinama juu ya kioo. Saa ilipogonga, mistari ya herufi ikashuka haraka, kisha ikasimama.

"Tayari?" Togar aliuliza.

"Tayari, Abang."

Togar akampigia mtu wa tajiri. Saut akaleta tuak. Parlin akampiga shemeji yake begani. "Nilikwambia, Abang. Huyu ni kichwa."

SAA 7:25 MCHANA

Simu iliita. Togar alisikiliza, akaiweka mezani.

"Yule mama ameingia mahakamani na mkono wa bandeji," alisema. "Amepewa kompyuta ya karani. Ramani ziko ukutani. Zote."

Hakuna aliyegusa glasi. Binsar aliivuta laptopu, akaifungua skripti yake, akasoma.

"Neno la kufuta halipo. Ameling'oa. Bila hilo inapeleka tu, haifuti kule. Aliniuliza maana ya kila neno, nikamweleza. Kumbe aliogopa asije akafuta kitu kwa bahati mbaya."

"Au umeling'oa wewe."

"Tarehe hii hapa, Abang! Ilibadilishwa tarehe tatu Machi. Mimi nilikuwa Balige siku tatu, tunamzika baba yake Parlin. Laptopu ilikuwa huku kwa mama. Muulize Parlin! Tulibeba jeneza pamoja."

Togar alimgeukia Parlin. Sauti yake ilikuwa ya upole. Saut tayari alikuwa ameufunga mlango kwa komeo.

"Tajiri anataka kujua nani kamgeuka. Nimwambie ni mmoja, au ni wawili, huyu na aliyemleta?"

Parlin aliikumbuka siku ile. Mvua, udongo mwekundu, na Binsar mbele yake akiteleza lakini haliachii jeneza.

"Tarehe tatu Machi alikuwa wapi?" Togar aliuliza.

"Sijui, Abang. Msibani sikumwona."

"Shemeji," Binsar alisema. Hilo tu.

"Mshike mikono basi," Togar akamwambia Parlin. "Tuamini."

Parlin alimshika. Binsar alipigana kwa kucha, kwa meno, kwa miguu. Saut hakuwa na haraka, na Togar hakumhimiza. Mwanzoni Binsar alimtaja mkewe, baadaye hakutaja chochote. Yalipokwisha, Togar alisogeza sahani ya wali na nguruwe mbele ya Parlin.

"Kula. Umefanya kazi."

Parlin alikula.

SAA 11:10 JIONI

Alipofika kwa dada yake kumpa uongo alioutunga njiani, alikuta viatu vya mgeni mlangoni. Ibu Nurmala alikuwa ameketi sebuleni, mkono umefungwa mpaka kwenye kiwiko. Kutoka mahakamani alikuja moja kwa moja.

"Kesi tumeshinda," alimwambia. "Lakini Binsar simu yake haipokelewi tangu asubuhi. Nilimwambia akimbie, sijui alielekea wapi. Wewe ni ndugu yake. Umemwona?"

"Sijamwona, Ibu," Parlin alisema.

Dada yake hakuwa akimtazama usoni. Alikuwa akitazama mikono yake, zile alama nne za kucha zilizoshuka kwenye kila mkono, ambazo bado zilikuwa mbichi.

"Parlin," alisema. "Mume wangu yuko wapi?"