Niliunguza Boneti ya Mkwe Wangu, Barasa Akitazama

Nina miaka arobaini na tisa, na shule niliachia darasa la tano. Lakini simwogopi mtu! Kibanda changu cha kuosha na kung'arisha magari kiko hapa mtaa wa Tena, na nilikijenga kwa mikono hii hii. Wenye digrii huniletea magari yao na kuniamkia kwa heshima. Walikuwa wakiniita Daktari wa Rangi. Sawa, jina hilo nilijipa mwenyewe... lakini nani alilipinga?

Leo nataka mjue jinsi mtu niliyemlisha alivyonimaliza.

Anaitwa Barasa. Nilimtoa Majengo akitembeza soksi, mtu mzima mwenye mke! Nikamfundisha kupaka polishi na kusugua kwa kitambaa mpaka uone meno yako kwenye mlango wa gari. Alipoiva akaniacha, akaenda kwenye gereji kubwa wanakotumia mashine. Huko wakamfukuza. Akarudi kwangu mkono nyuma, nami nikampokea. Wewe ungempokea? Mimi nilimpokea!

Wakati huo binti yangu wa kwanza, Nafula, alikuwa amechumbiwa na kijana wa Mzee Makokha wa Makongeni, mstaafu wa reli. Mzee huyo ana gari jeusi la zamani analolipenda kuliko macho yake. Ndilo lililopangwa kumbeba bibi harusi.

Kwa sisi watu wa mkoa wa magharibi, mkwe ni mtu mzito. Hamgombani. Hamtukanani. Hata sauti hampandishiani. Basi wazee walipoketi kupanga harusi, nikasimama mbele ya wote nikasema, "Mkwe, niletee hilo gari. Nitalipiga polishi mimi mwenyewe, kwa mashine!"

Mashine nilikuwa nayo, mpya, ile inayozungusha pedi kwa nguvu kama grinda ya kukatia vyuma. Kuitumia? Sijawahi hata siku moja. Maisha yangu yote ni mkono na kitambaa. Lakini ningesema nini mbele ya wakwe?

Gari lililetwa. Nikaliosha, nikaliweka juani ili kila apitaye alione. Boneti ikawa moto kama kikaango. Watu wakajaa. Nikafunga pedi ya manyoya, kisha nikamgeukia Barasa kama mtu anayepiga stori tu. "Hii si inaanza na spidi ya juu, ama?"

Akakunja mikono. "Mdosi, bosi wangu, wewe ndio daktari. Tangu lini mgonjwa akamfundisha daktari?"

Watu wakacheka. Nami nikacheka, mjinga mimi!

"Washa basi," akasema, "tuone upasuaji!"

Nikaipeleka spidi mpaka mwisho. Mashine ikaruka mikononi kama mbuzi anayevutwa kichinjioni. Nikaikandamiza. Mikwaruzo ya zamani ikaanza kufutika, weusi ukang'aa, watu wakapiga makofi... kichwa kikanivimba! Nilipofika kwenye ule mstari ulioinuka katikati ya boneti, nikaona alama ndogo imekataa kutoka. Nikaishikilia mashine papo hapo.

Kwanza ilikuja harufu ya plastiki inayoungua. Nikainua mashine. Nikafuta.

Ee Mungu wangu! Palikuwa na mchirizi wa kijivu urefu wa kiganja changu. Vanishi imekwenda, weusi umekwenda, rangi ya chini inanitazama!

Ndipo Barasa akafungua mdomo, taratibu kama mwalimu. "Pale palipoinuka rangi ni nyembamba, mdosi. Unabandika tepu kwanza. Spidi ni ya chini. Na mashine haikai mahali pamoja, lazima itembee. Halafu, nani hupiga polishi boneti ikiwa moto?"

Sasa ndio anasema! Sasa!

"Kwa nini hukuniambia?"

"Uliniuliza? Tangu nirudi hapa, umewahi kuniuliza kitu?"

Nilimwendea na chupa ya polishi mkononi, watu wakanishika. Lakini hayo si kitu. Kabla sijavua aproni, alikuwa ameshampigia simu Mzee Makokha!

Mzee alikuja. Akapitisha kidole juu ya ule mchirizi. Nikamsihi aniruhusu nilipeleke kwa fundi wa rangi. Hakunitukana, maana mila inamkataza. Akasema tu, "Wacha ikae, mkwe." Afadhali angenipiga kofi!

Siku ya harusi wapambaji walikuja na maua ya kufunika boneti. Mzee akakataa. Riboni zikafungwa kwenye milango na vioo, boneti ikaachwa uchi! Gari likatoka Makongeni polepole, honi zikilia, weusi unang'aa kote isipokuwa kile kidonda changu katikati. Hakuweza kunilaani kwa mdomo, akanilaani kwa gari!

Nafula alitoka nyumbani na gauni lake jeupe. Akaangalia boneti. Akaniangalia mimi, baba yake, niliyesimama na suti tayari kukaa kando yake.

"Baba, wewe panda lile la nyuma."

Nilikwenda kanisani nimebanwa katikati ya kreti za soda. Nani kati yenu amewahi kudharauliwa hivyo na mtoto wake?

Barasa sasa ana kibanda chake ng'ambo ya barabara, na wateja wangu wako kwake. Kila asubuhi ananipungia mkono, "Niaje, mdosi!" Natema mate. Kunyamaza ukijua mwenzako anaangamia, hiyo si roho mbaya? Barasa, ukisoma haya, ujue sijakusamehe!

Na Nafula? Haji nyumbani tena. Nasikia kwamba chapati ikiungua kule ukweni, mashemeji zake humwambia, "Hii imepigwa polishi na babako." Anatabasamu, halafu anaingia chumbani kulia...

Msomaji mwenzangu unayetaka kuanza kazi ya mashine, nakusihi! Tafuta boneti ya gari bovu ujifunzie hapo. Anza na pedi ya sponji, spidi ya chini, kivulini. Na uliza! Uliza hata yule uliyemfundisha wewe kushika kitambaa. Aibu ya kuuliza ingeniisha jioni ile ile. Hii yangu Mzee Makokha huiendesha kanisani kila Jumapili, na mpaka leo amekataa kuipaka rangi.