Mita Ilisoma Mia Tatu Sitini na Mbili

Kila Jumamosi kazi yangu karakanani kwa Babu ilikuwa moja: kukaanga buni, kuitwanga na kuwapikia wateja kahawa. Mama alikuwa fundi wa magari ya umeme hapo hapo. Babu, mzee Ferede, alikuwa fundi wa injini tangu ujana wake, na mtaa mzima wa Gerji ulimjua kwa ukaidi. Niseme ukweli: nimeurithi.

Asubuhi hiyo Mama alikuwa ametoka kununua fyuzi. Teksi ya umeme ya dereva Mulat ilikuwa imefunguliwa boneti. Ilikuwa imegoma tangu jana yake.

"Mzee, abiria wananisubiri," Mulat alilalamika. "Au magari haya mapya yamekushinda?"

Hapo alichokoza nyuki. Babu alilegeza nati ya ile betri ndogo ya mbele, akautoa waya wake na kuusukuma pembeni.

"Nimeshalitoa roho. Miaka arobaini nafanya hivi hivi." Akashika spana, mikono mitupu, akainamia kisanduku chenye nyaya nene za rangi ya chungwa.

Kwetu mtoto akisema na mkubwa hutazama chini. Nilitazama chini, nikasema, "Babu, nyaya hizo ni za betri kubwa, iko chini ya sakafu. Mama huchomoa plagi kuu inayoikata, husubiri dakika kumi, halafu hupima kama umeme umeisha."

"Pika kahawa, Wubit."

Spana ikasogea. Niliuacha mchi, nikaingia katikati ya Babu na gari, nikamtazama machoni. "Hugusi!"

Mulat akaangua kicheko. "Mzee, leo umepata bosi!"

"Toka hapo," Babu alisema kwa sauti ya chini. "Unanivunjia heshima mbele ya watu."

"Nichape, Babu. Lakini utanichapa ukiwa hai. Sitoki!"

Nilimwogopa Babu, tena sana, ila nilimpenda kuliko nilivyomwogopa. Alinishika bega anisogeze, nikakaza miguu. Tulikuwa tunavutana hivyo Mama alipoingia.

Hakuuliza nani mwenye kosa. Alivua pete na msalaba wa shingoni, akakagua glavu zake nene za mpira kama zina tundu, akazivaa. Kisha akagusisha vijiti vya mita kwenye ncha za nyaya zile za chungwa.

"Volti mia tatu sitini na mbili," alisema. "Swichi ya ndani imeganda, haikati tena umeme. Ndiyo maana gari limegoma, na ndiyo maana kuitoa betri ndogo hakukukata kitu."

Spana ilimponyoka Babu. Mulat, aliyekuwa anacheka, aliomba maji.

Mama alichomoa plagi kuu, akaitia mfukoni mwake ili mtu asiirudishe. Tulisubiri dakika kumi. Akapima tena: sifuri. Ndipo akaanza kazi.

Babu alimaliza kikombe kizima cha kahawa. Nilijua nafukuzwa. Halafu akawaita mafundi wote, akanisimamisha kando yake.

"Heshima ni kitu kizuri," alisema, "lakini umeme hauamkii mzee. Leo nilitaka kufa kwa kujua sana. Kuanzia sasa, mkono wowote ukielekea waya wa chungwa kabla mita haijasoma sifuri, yeyote aliye karibu aseme 'acha', hata akiwa mtoto. Na mkubwa ataacha."

"Hata wewe, mzee?" fundi mmoja aliuliza.

"Mimi wa kwanza."