Jiko la Mawe Meusi

Siku ya Jumanne, saa tatu na nusu asubuhi, Charline alifungua kompyuta katika chumba cha mtaa wa Himbi anachofanyia kazi, akasoma ujumbe kutoka ubalozini, kisha akausoma tena kwa sauti ndogo. Ombi lake la visa lilikuwa limekataliwa, wala si kwa kukosa karatasi. Lilikataliwa kwa udanganyifu. Kazi zote alizozitaja kuwa zake zilikwisha kuletwa na mtu mwingine wiki tatu kabla, na mtu huyo alikwisha kupewa visa. Charline hangeruhusiwa kuomba tena kwa miaka mitano.

Ilikuwa ile ambayo vijana wa Goma huiita visa ya nomade, ambayo Ureno huwapa watu wanaofanya kazi kwa kompyuta kwa ajili ya wateja walio nchi nyingine. Charline huchora majiko. Mteja wake wa Ubelgiji humtumia vipimo vya nyumba, naye humrudishia jiko zima lenye rangi, mwanga na hata machungwa mezani. Mwaka mzima alikuwa akikusanya karatasi, kwa sababu mteja alikwisha kumwonya kwamba mtandao ukikatika tena siku ya kukabidhi kazi, watatafuta mtu mwingine. Na mtandao wa Goma haumwombi mtu ruhusa ya kukatika.

Kabla ya saa nne alikuwa amempigia simu Papa Cyprien.

Papa Cyprien, jirani yao wa mtaa wa Murara na rafiki wa marehemu baba yake, alikuwa inspekta wa upelelezi kwa miaka mingi. Tangu mji uingie mikononi mwa waasi, ofisi yake ina wenyewe wengine, nao hawakumwita. Alibaki na koti la kijivu na kadi ya kazi yenye picha yake ya ujana. "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi," alipenda kusema, na mkewe humjibu kwamba mhunzi asiye na koleo huungua vidole.

Alifika amevaa koti, akavuta kiti.

"Nisomee tena. Polepole."

Charline akasoma. Mwishoni mwa ujumbe, ubalozi ulikuwa umeweka ukurasa mmoja wa dossier, yaani faili la maombi, ya yule mtu mwingine, jina likiwa limefunikwa. Ulikuwa na picha ya jiko: dirisha pana, meza ya mbao, na ukuta wa mawe meusi ya volkano ya Nyiragongo, mawe yale yale yanayozungushia kila ua wa Goma.

"Hii ni ya kwako?"

"Ni ya kwangu, papa. Lakini haiko ile nilitia kwa dossier. Mteja aliikataaka, alisema ukuta mweusi unatisha. Nikaufuta, nikaweka mweupe."

"Nani aliona huu mweusi?"

Charline aliitazama picha kwa muda. "Sikumbuke."

Cyprien alikuwa amesikia majibu ya namna hiyo maisha yake yote. Hili lilichelewa kidogo kutoka mdomoni. Hakulisema, akaliweka akiba.

Meza ya pili ilikuwa ya Benny, kijana anayesikiliza mahojiano yaliyorekodiwa na kuyaandika. Chini ya meza yake palikuwa na valizi mpya, bado ina karatasi ya dukani.

"Unasafiri?" Cyprien akamwuliza.

"Ijumaa, muzee. Kampala."

"Kufanya nini?"

"Kuona mutoto wangu. Alizaliwa mwezi ulipita, bado sijamushika." Akatoa simu, akaonyesha picha ya mtoto bila kuombwa.

"Kompyuta ya Charline unaifungua?"

"Hata siku moja. Lakini tunakaa bega kwa bega, kila kitu nakiona. Huu ukuta mweusi naujua. Nilimucheka: Vicky, unapelekea wazungu mawe ya Nyiragongo? Kesho yake mteja akakataa. Alilia hapa hapa."

"Vicky ni nani?"

"Anachezaka tu," Charline akadakia. Benny akamtazama, akafunga mdomo, akavaa tena vipokea sauti vyake.

Barabarani Cyprien alisimama kivulini mwa ukuta. "Benny haiko yeye," alisema. "Benny alijua kwamba jiko hili lilikataliwa. Mutu akitaka kuonyesha ubalozi kazi nzuri, atachukua ile ilikataliwa ya nini? Mwizi wetu aliona ukuta mweusi, lakini hakujua mwisho wake."  Charline alikwisha kutangulia hatua mbili mbele.

Walikwenda kwa Mushagalusa, ambaye ofisi yake iko juu ya duka la dawa katikati ya mji. Kazi yake ni kuwatengenezea watu dossier za visa, na ya Charline ni yeye aliyeitengeneza; mjini husemwa kwamba dossier nzuri akiipata huiuza mara mbili. Cyprien aliingia akimshuku tayari. Aliweka kadi yake mezani kama zamani.

Mushagalusa akaiinua. "Muzee, hii ni ya wakati gani?"

"Ya wakati wezi walikuwa wanaogopa kadi."

Mushagalusa akacheka, si kwa ubaya. Alifungua kabati, akatoa dossier ya Charline, akageuza kurasa zote mbele yao. Kila mahali ukuta wa jiko lile ulikuwa mweupe. "Huu mweusi ndiyo naona leo mara ya kwanza. Na mimi nikiuza dossier ya mteja, kesho nani atapanda hizi ngazi? Nakula juu ya wale wanapata visa, siyo wale wanakataliwa."

Hapo shuku ya Cyprien ikapungua nguvu. Mwizi aliuona ukuta mweusi, na mtu huyu hakuwa nao.

"Lakini nitakuambia kitu," Mushagalusa akaendelea. "Yule mutu alikuwa na relevé za benki, zile karatasi za kuonyesha pesa inaingia. Bila relevé ya jina lako hawatoe visa. Charline nilimuomba zake. Akaniletea barua ya yaya yake wa Gisenyi, ya kusema malipo yanapitia kwa compte ya benki ya yaya tangu benki za hapa zifungwe. Nikamuambia, hii itatusumbua. Akasema tujaribu tu."

Cyprien alishuka ngazi polepole. Yaya ni dada mkubwa, na huyo dada mkubwa wa Charline, Cyprien mwenyewe ndiye aliyembeba mgongoni alipokuwa mtoto.

"Mficha uchi hazai, binti yangu," alisema walipofika chini. "Ile picha ulimutumia nani?"

"Yaya." Charline alianza kulia papo hapo, watu wakipita. "Siku ya anniversaire yake ya kuzaliwa. Alisema siku moja atajenga jiko la vile. Sikumuambia kama walilikataa, haya ilinishika. Lakini labda mutu alimuibia simu, papa. Labda."

"Labda," Cyprien akaitikia. Alitamani iwe hivyo. Kuna siku mpelelezi huomba kwa moyo wote awe amekosea.

Saa nane walivuka mpaka kwa miguu, wakaingia Gisenyi, mji wa nchi jirani. Kadi ilibaki mfukoni. Kama Goma haikuwa na kazi, huko Gisenyi ingekuwa na kazi gani? Nyumba ya yaya ilikuwa nyuma ya soko. Watoto wawili walikuwa wakirukaruka juu ya valizi nne zilizopangwa sebuleni. Ézéchiel, mume wa yaya, alifungua mlango, akawatazama, akasahau hata kusalimu.

"Victoire," akaita ndani. "Mudogo wako amefika."

Victoire. Vicky. Jina la yaya Cyprien alilijua tangu zamani, lakini hadi sasa hakuwa ameliweka kando ya lile la Benny. Alipita moja kwa moja hadi jikoni, na pale juu ya mbabula ya kupikia kwa makaa, kingo zimekuwa kahawia kwa moshi, ilibandikwa picha ya jiko lenye ukuta wa mawe meusi.

Victoire alikuwa amesimama kando yake, mikono ina unga.

"Victoire," Cyprien alisema, "aliyepeleka ile dossier aliuona ukuta huu bila kujua kwamba ulikataliwa, na alikuwa na relevé kwa jina lake. Ni mutu mumoja tu. Kilichonishinda ni kimoja: ubalozi uliamini namna gani kwamba kazi ni yake?" Akageuka. "Charline, kule Ubelgiji wanakuita nani?"

Charline alijibu akitazama sakafu. "Kampuni ilisema jina la compte na jina la mufanyakazi ni lazima yafanane. Sikuwa na compte. Nikaweka jina la yaya. Sasa miaka mbili. Nilifikiri barua yake itatosha kueleza."

"Barua niliiandika ju uliniomba," Victoire alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu aliyechoka kungoja siku hii. "Yangu nilikuwa nimekwisha kuituma. Sikujua nikukatalie namna gani."

"Uliniiba, yaya."

"Nimeiba nini? Compte ni yangu. Contrat iko kwa jina langu, sahihi niliitia mimi, na orodha ya kazi zote inakujaka kwangu na malipo. Nilipeleka kile karatasi zinasema. Weye ndiye ulipeleka kazi za Victoire, ukasema ni za Charline." Akajifuta unga. "Nilikuombaka, tena hapa hapa. Barabara ya Butembo ya kuleta bidhaa imefungwa, Ézéchiel hauzi kitu, batoto wanakua. Nikasema, utuchukue. Ukaniambia visa ni ya mutu mumoja. Nikasoma mimi mwenyewe. Inabeba na bwana na batoto. Weye ungeenda peke yako."

Charline hakubisha. 

"Lakini hauwezi kuchora hata mulango," alisema mwishowe.

"Njo maana sitakuacha. Nikifika kule nitakutumia pesa yako kama kawaida. Weye chora tu."

Cyprien alitafuta sheria kichwani kama mtu anayepapasa funguo gizani. Akiwaandikia ubalozi ukweli, Victoire atanyang'anywa visa na watoto wake watabaki, na Charline bado hataipata. Ubelgiji wakijua kwamba Victoire si Victoire, kazi itaisha siku hiyo hiyo, na dada wote wawili watalala njaa. Akienda kwa polisi wa hapa, atasema nini kimeibwa? Alikuwa amemkamata mhalifu wake, na hakuwa na pa kumpeleka. Akaketi juu ya gunia la makaa na koti lake la kijivu.

Simu ya Charline ikalia mkononi mwake. Aliyepiga ni mteja wa Ubelgiji, ambaye kila Jumanne hupiga saa tisa.

 Ézéchiel aliwatoa watoto nje, uani. Victoire alifunga dirisha ili kelele za soko zisiingie, akachota maji katika kikombe, akakiweka mbele ya mdogo wake.

Charline alijipangusa uso kwa ncha ya kitenge, akanywa funda moja. Kisha akapokea, akasema kwa Kifaransa chake kizuri kwamba ndiyo, ni Victoire, na kwamba jiko litakuwa tayari kesho asubuhi.