Toleo Lolote

Kwenye kompyuta, programu ilisoma kama kawaida. Kwenye simu ilivuta pumzi kwanza, kisha ikasoma.

Ilikuwa programu ya kuwasomea vipofu barua zao. Binti mpya aliyekabidhiwa upande wa simu alicheka. "Dada, umeisikia? Inahema!"

"Sijasikia kitu," alijibu Kufuli, asimtazame usoni.

Walimwita Kufuli kwa kazi yake. Programu ile iliandikwa kwa lugha tatu za kompyuta, kila lugha na maktaba zake, yaani vipande vya programu vilivyotengenezwa na watu wengine, na kila aina ya mashine ilidai toleo lake. Linaloiva kwenye kompyuta huungua kwenye simu. Basi yeye aliifunga kila maktaba kwa namba ya toleo, lisipite jingine. Miaka yote hakuna aliyemshukuru; mlinzi hukumbukwa siku ya wizi. Halafu akaja huyu binti, wa juzi tu, na bosi akaanza kumwita nuru ya ofisi. Kufuli aliona wivu, wivu hasa, ule wa kumchekea mtu kwa meno huku roho inakuuma. Ndipo akaifungua maktaba moja ya sauti, ya upande wa simu peke yake, na mahali pa namba akaandika: toleo lolote. Alitaka simu zigome kidogo, binti aumbuke, basi.

Kilichoingia kwa mlango huo hakikuwa na jina la mtengenezaji.

Siku ya pili ofisi ilinuka nywele zilizoungua, mchana kweupe, madirisha wazi. Simu zikasoma kwa sauti ya binti. Na kadiri zilivyozidi kunena ndivyo koo lake lilivyozidi kukauka, hata ilipofika saa ya chakula akawa anachezesha midomo tu, machozi yanamtiririka, huku simu zote mezani, hata zile zilizozimwa, zikicheka kicheko chake, zikinyamaza kwa pamoja kila Kufuli alipogeuza shingo, kana kwamba zinangoja amri yake.

Kufuli alikimbilia chooni akampigia shangazi yake, mpunga pepo, akamsimulia.

"Jini hakosi mwenyeji," shangazi alinong'ona. "Nani kamkaribisha?"

"Mimi, shangazi. Sikujua kama..."

"Ulijua ulichokitaka. Sikiliza, mwanangu. Ufunge mlango ule kwa mkono wako, na umwombe yule binti radhi mbele za watu, kabla jua halijazama. La sivyo, sauti yake imekwenda."

Alirudi mezani, akaandika namba ya toleo la zamani. Kilibaki kidole kimoja cha kuhifadhi, na neno moja la radhi. Lakini bosi alikuwa amechuchumaa mbele ya kiti cha binti, amemshika mkono. "Tutakutibu," alimwambia. "Bila wewe hapa hakuna kazi."

Bila wewe! Kufuli hakuwahi kuambiwa hivyo hata kwa mzaha. Wivu ukamkaba, kidole kikabaki hewani, akajiambia nitasema sasa hivi, nitasema bosi akishaondoka, acha kwanza amwachie mkono, na jua likawa linateremka nyuma ya maghorofa, na bosi hakumwachia.

Giza lilipoingia, simu zote zilimgeukia Kufuli kwa sauti ya binti, changa, tamu, ya heshima.

"Tayari, dada. Sasa nani?"

Na kabla hajaogopa, jina lilikuwa limeshamfika mdomoni.