Mgeni wa Sigara ya Mzee Yotham

Upepo wa Dodoma mwezi wa sita hauna siri. Hutoka mashariki, ukazielekeza nguo zote kambani upande mmoja, kama ng'ombe wanaorudi zizini. Ndiyo maana Ruthu alisimama na beseni lake kiunoni, akatazama mara mbili. Mashuka yalipepea kuelekea magharibi. Moshi wa sigara ya baba mkwe wake ulikuwa unakwenda mashariki.

Wala haukutawanyika. Ulinyooka mwembamba, taratibu, ukapenya dirishani, chumbani alikolala mtoto.

Mzee Yotham alikuwa amekaa chini ya chanja la mizabibu, macho kayafumba kwa raha. Ilikuwa Jumapili baada ya ibada, jua la kupendeza, na hiyo ndiyo sigara yake moja ya juma zima: nene kama kidole gumba, majani matupu ya tumbaku yaliyonyunyiziwa asali na kusokotwa kwa mkono na rafiki yake Abdulrahim, mtu wa Kolo. Hakuiwasha kwa kiberiti hata siku moja. Alitaka kaa la moto kutoka jikoni, na Ruthu ndiye aliyempelekea, kwa kuwa mzee huyu alikuwa na desturi ya kumwachia yeye kipande kinono cha kuku, akisingizia kwamba meno yanamuuma.

"Baba, moshi wako unaingia kwa mtoto."

"Upepo huo, mkwe wangu."

"Upepo unakwenda kule, baba."

Mzee alifumbua jicho moja, akatazama mashuka, akatazama moshi. Hakubisha. Aliinuka kwa tabu kwa sababu ya mguu wake mbovu, akahamisha kigoda chake karibu na ua. Kisha akarudi kuchukua kigoda cha pili.

"Na hicho cha nani?"

"Cha mgeni. Tumbaku haivutwi peke yako kama mchawi!" Akacheka.

Ruthu hakucheka. Alipoingia ndani kumnyonyesha Mazengo, mwanawe wa miezi minane, kinywa cha mtoto kilinuka tumbaku. Na chini ya tumbaku kulikuwa na harufu nyingine, kama jivu lililolowa maji. Mtoto akakohoa, kikohozi kikavu cha mtu mzima aliyechoka.

Zahanati wakasema kifua ni safi, ila uzito umepungua. Wakampima tena baada ya siku tatu, ukawa umepungua zaidi. Mumewe Lameck alikuwa Mtera kwenye uvuvi. Ruthu alipompigia simu, yeye alisema tu, "Mfunike vizuri, baridi hiyo." Ruthu akabaki na mawazo yake, na mawazo yake yakamwangukia Abdulrahim. Mtu gani huleta kitu kizuri vile kila juma, na hataki hata kuku? Anakisokota na nini? Alikumbuka kwamba ni Abdulrahim huyo huyo aliyemkimbiza hospitali kwa pikipiki yake siku ya uchungu, akiendesha polepole kwenye mashimo na kumwombea dua njia nzima. Moyo ukamsuta. Lakini mama mwenye hofu hana haya.

Jumapili iliyofuata akajificha nyuma ya jiko, akachungulia.

Mzee alivuta, akapuliza, akatabasamu. Kisha akainyoosha sigara kuelekea kigoda kitupu, vile mtu anavyompa mwenzake zamu, na hapo, mchana kweupe, jogoo akiparura taka na kengele ya ibada ya pili ikilia ng'ambo ya Chimwaga, Ruthu akaona ncha ya sigara ikiwaka nyekundu yenyewe, ikaiva, ikafanya jivu refu, na miguu ya kigoda ikazama mchangani kwa uzito wa aliyekikalia, na kila ncha ilipowaka mtoto ndani alikohoa, ikawaka, akakohoa, ikawaka, akakohoa, kana kwamba pumzi inayovutia sigara ile ilikuwa inaazimwa kifuani mwa mwanawe.

"Baba, izime!"

Mzee aliidondosha. Wakati huo huo Abdulrahim alikuwa anaingia na kifurushi chake, na Ruthu akamgeukia.

"Umetuletea nini nyumbani kwetu? Sema!"

Machozi yakamlengalenga Abdulrahim. Kisha akakiona kigoda kilichozama. Akasema kwa sauti ya chini, "Yotham, ulimkaribisha nani?"

"Sijui," mzee akanong'ona. "Jumapili moja nilisikia hodi nyuma ya ua. Sigara imekolea, macho nimefumba. Nikasema karibu, keti tuvute. Nikasikia kigoda kikilia. Nilipofumbua macho, hakuna mtu." Akamgeukia Ruthu. "Lakini tangu mama yenu afariki, mwanangu, mimi nakaa na nani?"

Abdulrahim akatikisa kichwa. "Babu yangu alikuwa akiwatoa hawa. Jini aliyekaribishwa hafukuzwi, atakasirika. Husindikizwa, kama mgeni yeyote. Wewe mguu huna, mimi si mwenyeji hapa. Binti, okota sigara hiyo, bado inawaka, tangulia hadi njia panda, iweke chini, rudi. Usigeuke. Na usimjibu neno, hata akisema nini."

Ruthu akatangulia. Nyuma yake mchanga ulilia, nyayo moja baada ya nyingine. Upepo ulimpiga mgongoni, lakini moshi ulirudi nyuma juu ya bega lake, ukivutwa. Harufu ya jivu lililolowa ilimkaba. Kanga yake ikateleza, na kabla hajaishika, kitu kikaiokota na kumrudishia begani, kwa upole, kama mama angefanya.

Njia panda aliinama, akaiweka sigara chini.

"Asante, mwanangu," sauti ikasema karibu na sikio lake, sauti ya kizee iliyokwaruza. "Mmenikirimu."

Ruthu alikuwa amelelewa asiiache shukrani ya mgeni ianguke chini. Kinywa kikatangulia, akili ikafuata.

"Karibu tena."

Aliporudi, Mazengo alikuwa anacheka mapajani mwa babu yake. Kinywa kilinuka maziwa tu. Mzee Yotham alikuwa analia bila kuficha, na Abdulrahim alikuwa ameshamchemshia Ruthu chai.

"Hukusema neno?" akamuuliza.

Ruthu aliwatazama wazee wale wawili, jinsi walivyokuwa na furaha.

"Sikusema."

Akaomba ruhusa ya kukichoma kile kigoda cha pili. Mzee akakubali. Alikipasua, akakiwasha katikati ya uwanja, akasimama kutazama. Kambani mashuka yalipepea kuelekea magharibi. Moshi wa kigoda ulipanda wima hadi usawa wa paa, ukasita kidogo, kama mtu anayekumbuka njia.

Kisha ukainama mashariki, kuelekea dirishani.