Mpaka Uliolimwa

Kila asubuhi Apolonia aliwasha moto, akateka maji bondeni, kisha akaenda kuchuma maua ya pareto ukungu ungali umetanda juu ya matuta. Baba yake, Crispin, alikuwa mbali, kibarua kwenye mashamba ya chai. Mama alikuwa kitandani, akiteswa na homa.

Mwaka ule serikali iliahidi kumlipa kila mkulima aliyelima matuta ya kuzuia udongo usichukuliwe na mvua. Malipo yangetegemea ukubwa wa shamba. Matuta hufuata mlima, hayafuati mipaka ya watu. Kwa hiyo majirani walipolima kwa ujima, walipitisha matuta moja kwa moja kutoka shamba la Crispin hadi la Bibi Lea, mjane wa jirani. Ukanda wa majani uliotenganisha mashamba hayo ukafukiwa. Hakuna aliyejali, kwa kuwa kila mmoja alijua kwake ni wapi.

Siku bwana shamba alipofika na mnyororo wake wa kupimia, Bibi Lea hakuwepo. Alikuwa ametoka alfajiri kwa miguu kwenda zahanati ya misheni, kumtafutia mama yake Apolonia dawa.

"Kamwene, binti," alimsalimu Apolonia. "Shamba lenu linaishia wapi?"

Apolonia alitazama mteremko hadi mti uliosimama mwishoni mwa shamba la Bibi Lea. Alilifikiria blanketi la mama lililochakaa.

"Kule, kwenye mti wa mwisho."

"Lote hili?"

"Ndiyo, Bwana Shamba."

Akapima, akaandika, akaenda zake.

Jioni Bibi Lea alirudi amelowa manyunyu. Hakuketi. Alichemsha maji, akamwinua mgonjwa, akamnywesha dawa, akampangusa jasho kwa ncha ya khanga yake. Ndipo akauliza, "Bwana shamba amepita?"

"Amepita, Bibi."

"Na kwangu amepima?"

Apolonia akainamia moto. "Sijui."

"Labda atarudi. Ghala langu limekwisha, mwanangu. Malipo hayo ndiyo nitakayonunulia mahindi hadi mavuno."

Alipotoka, mama akauliza kutoka kitandani, "Mbona umesema hujui?"

Apolonia akalia, akaeleza yote.

"Kesho mapema nenda barazani kwa jumbe, kabla bwana shamba hajaondoka. Siwezi kukusindikiza. Nenda tu."

Barazani wakulima walikuwa wamejaa. Apolonia alisimama mbele yao.

"Bwana Shamba, jana nilikudanganya. Sehemu ya kuelekea ule mti ni ya Bibi Lea."

"Heee! Kumbe tumepata mpimaji mpya!" alidakia Didas, muuza chumvi. Watu wakaangua kicheko.

Bwana shamba hakucheka. Aliuchukua mnyororo wake, akarudi na Apolonia kwenye matope, akapima upya Bibi Lea akimwonyesha mpaka.

"Bibi, wewe utalipwa," alisema. "Shamba la Crispin halitalipwa mwaka huu. Ndiyo sheria kwa anayetaja shamba la mwenzake kuwa lake."

"Ni mtoto huyu, Bwana. Na mama yake mgonjwa."

"Naona, bibi. Lakini sheria sikuitunga mimi."

Akaondoka. Apolonia hakuthubutu kuinua macho.

"Ulipoonyesha ule mti, ulikuwa unamfikiria nani?" Bibi Lea alimwuliza.

"Mama."

"Kumfikiria mama si kosa. Lakini mimi ulinisahau. Siku nyingine ukitaka kumsaidia mtu wako, angalia kwanza unamnyang'anya nani. Na ukikosea, fanya kama leo: nenda ukaseme mwenyewe, hata wakikucheka."

"Na sasa sisi tutakula nini, Bibi?"

"Mtapata dhiki. Sitakuficha. Nitakachopata tutagawana, lakini hakitatutosha wote."

Manyunyu yalianza tena. Bibi Lea alimshika Apolonia begani.

"Haya, twende ndani. Mama yako hajanywa dawa ya mchana."