Saa Tatu Meza Zinatoka

"Umelificha wewe!"

"Mimi? Nimelificha wapi, kwenye soksi?"

"Nani mwingine ana wivu na mimi hapa kama si—"

"Wivu? Na wewe na hiyo suruali ya kuazima? Ngosha Mihayo, usinichekeshe, nitaka—"

"Tarumbeta langu, Chenge! Toa tarumbeta langu!"

Wanaume wawili walikuwa wameshikana kola katikati ya ukumbi wa Jiwe Pacha, kule Pasiansi, Mwanza. Mpaka saa mbili Jiwe Pacha ni mgahawa, watu wanakula kwa adabu. Ikigonga saa tatu, meza zinabebwa mpaka verandani, taa zinavalishwa karatasi nyekundu, na mgahawa unageuka dansi. Katika mshikemshike huo wa meza, tarumbeta la Mihayo lilitoweka kitini.

Inspekta Ponsian Kamugisha wa upelelezi hakuwa kazini. Alikuwa amemleta mkewe, Adventina, ale na kucheza. Sasa alikaa na sahani mapajani, maana meza yake ilishabebwa.

"Si uende," Adventina akamsukuma. "Yule kijana asipopiga, mimi narudi kulala."

Yule kijana! Wiki nzima Adventina alikuwa akiimba nyimbo za Mihayo huku akiosha vyombo. Inspekta alitamani tarumbeta lile liliwe na mamba. Lakini serikali ni serikali. Akanyanyuka.

"Polisi. Achianeni kola. Wewe nani?"

"Chenge, afande. Tarumbeta la pili."

"La pili?"

"Yeye anapiga, mimi namsindikiza. Kama mchicha."

"Leo kuna nini?"

Chenge akaonyesha veranda kwa kidevu. Huko aliketi mzee mnene, Ndugu Kahigwa, kiongozi wa bendi ya shirika moja la umma Dar. Amekuja kumsikiliza Mihayo leo tu. Akiridhika, kesho anapanda naye treni, yeye na Odeta mwimbaji. Mshahara, nyumba, kila kitu.

"Kwa hiyo likipatikana, anahama Mwanza?" Inspekta akauliza.

"Kabisa, afande."

Bidii ya kazi ikampanda Inspekta ghafla.

"Mlinzi! Kuna aliyetoka getini?"

"Hata paka, mzee."

"Chenge. Lisipopatikana, nani anapiga leo?"

"Mimi."

"Basi sababu unayo."

"Sababu ninayo tangu mwaka juzi. Lakini mikono ilikuwa na meza. Upande wa pili alishika Odeta."

"Kweli," Odeta akasema. "Na kanikanyaga."

Hao wawili wametoka kwenye orodha ya washukiwa. Inspekta akakiangalia kile kiti kitupu. Kiliegemea mlango wa jikoni. Ndipo akakumbuka malalamiko ya mkewe wakati wa chakula: "Ponsian, ndizi gani hizi zimepikwa bila kufunikwa jani? Hazinukii. Leonsia kapatwa na nini?"

Akaingia jikoni. Leonsia, mpishi, binti wa Kamachumu kule Bukoba kama Inspekta mwenyewe, alikuwa akisugua sufuria kwa nguvu kama imemtukana.

"Shikamoo, Inspekta."

"Marahaba. Nani ameingia humu?"

"Masahani machafu."

"Majani ya mgomba unayo?"

"Yamekwisha, waitu. Siku hizi hata jani ni la foleni."

"Mbona kunanukia jani lililobabuliwa?"

Leonsia akaacha kusugua.

Kwao Bukoba hakuna asiyejua. Jani la kufunikia chungu huliweki motoni, unalifunika hivyo hivyo. Ukilibabua juu ya moto, lilegee lisipasuke, una kitu unataka kukifunga. Inspekta akaangaza macho. Kapu lilionekana mpaka chini, pipa lilikuwa na maji matupu. Gunia la mkaa ndilo lilikuwa limenenepa tumbo. Akazamisha mkono mpaka kwapani, akatoa furushi la kijani lililofungwa kwa kamba za mgomba, ncha zimekunjiwa ndani, nadhifu, kama mtoto wa kupelekwa kubatizwa.

Akafungua. Tarumbeta likang'aa, halina hata doa.

"Ungelitumbukiza tupu, nisingejua," akasema.

"Lingechafuka," Leonsia akajibu. "Vumbi likiingia humo, halilii tena vizuri."

"Kwa hiyo umeliiba wewe."

"Mimi. Tangu mchana niliyaweka akiba yale majani."

"Kwa nini?"

"Alikuja hapa hana viatu, nikampikia. Sato akiwa mmoja, nusu ni yake. Akasema tutakwenda kwa padri. Halafu akaja Odeta." Akajifuta uso kwa kanga. "Saa mbili wote wanauliza, Leonsia kapika nini? Saa tatu meza zinatoka, na mimi natoka nazo. Dansi naisikilizia ukutani. Akimpigia Odeta najua, tarumbeta linalegea. Nikasema basi, asinioe, lakini abaki ninapomsikia. Dar nitasikilizia ukuta gani?"

Mihayo alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote. Nyuma yake Chenge, na nyuma ya Chenge Adventina, leso machoni.

"Haya, kijana," Inspekta akasema haraka. "Mwizi amekiri, mali hii hapa. Kumshitaki utaamua kesho. Kapige, treni isikuache."

"Ndugu zangu!" Kahigwa akapaza sauti kutoka verandani. "Limepatikana, au nikalale?"

Mihayo hakulipokea tarumbeta. Aliokota lile jani, akapitisha kidole kwenye mikunjo yake taratibu. Kule pembeni Chenge alikuwa ameshafunua sahani ya nusu sato iliyowekwa juu ya rafu.

"Wewe si wa Dar sasa?" Chenge akasema, kinywa kimejaa. "Sahani imerithiwa. Shemeji Leonsia, pilipili iko wapi?"

Mihayo akamtazama. Jicho lile Inspekta alilijua. Wiki nzima alikuwa akiliona kwenye kioo akinyoa ndevu: jicho la wivu.

"Chenge, weka chini sahani yangu."

Kisha Mihayo akamsogelea Inspekta mpaka karibu na sikio, ili Kahigwa asisikie kule verandani, akamkabidhi lile jani.

"Afande, nakuomba. Lifunge tarumbeta tena, ulirudishe kwenye mkaa."